Mapafu Yanayochapwa kwa Mashine

 

Wiki iliyopita, baada ya sala ya alasiri, alinijia mzee mmoja. Mapafu ya binti yake yamejaa makovu, na pumzi yake hutegemea mtungi wa oksijeni. Mzee amesikia kuwa ng'ambo yapo mapafu yanayochapwa kwa mashine, na amempata mtu wa kumpelekea maombi yake huko, kwa malipo. Akaniuliza: Je, ni halali? Na je, auze shamba?

Ndugu zangu, habari aliyoisikia ina asili ya kweli. Wataalamu huchukua chembe hai za mwili, wakazichanganya na uji mzito, kisha mashine ikaupanga uji huo tabaka juu ya tabaka, kama mwashi apangavyo matofali. Kupandikiza pafu la marehemu kulianza kufanikiwa Toronto mwaka 1983. Lakini mapafu ya kupandikizwa ni machache kuliko wagonjwa, na mwili hulipiga vita pafu la mtu mwingine, hata mgonjwa akalazimika kunywa dawa za kuzuia vita hivyo maisha yake yote. Pafu la chembe za mgonjwa mwenyewe linatarajiwa kuondoa shida hizo.

Lakini pafu si mfuko mtupu. Vifuathani vyetu mna vifuko vya hewa mamia ya milioni, ambavyo vikitandazwa hukaribia mita za mraba 70, na kila kimoja kimezungukwa na vijishipa vya damu vyembamba kuliko unywele. Chembe ikiwa mbali na damu, japo kwa sehemu ndogo ya milimita, hufa. Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, pamoja na wenzao, walionyesha kifuko kimoja kilichochapwa, kikijaa hewa na kunywea, na damu ikipokea oksijeni kandoni mwake. Kifuko kimoja tu! Mwaka 2022 kampuni za United Therapeutics na 3D Systems zilionyesha kiunzi cha pafu zima, chenye vifuko milioni 200 na vijishipa vya kilomita 4,000. Hicho kilikuwa kiunzi, nyumba isiyo na wakazi. Hakuna mwanadamu aliyekwisha kupewa pafu la kuchapwa.

Ama uhalali, baraza la mafakihi lililokutana Jeddah mwaka 1988 liliruhusu kuhamisha kiungo cha mtu kutoka mahali pamoja pa mwili wake kwenda pengine, manufaa yakishinda madhara. Chembe za binti kumrudia mwenyewe zakaribia hukumu hiyo. Cha kuchunguzwa ni ule uji, kwani mara nyingi hutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe. Wako wanavyuoni wasemao kitu kikigeuka dhati yake, hukumu nayo hugeuka, wako wasioridhika. Siku hizi iko pia kolajeni ya namna ya binadamu itokayo katika mitumbaku. Mmea ule ule ulioangamiza mapafu mangapi!

Mzee nilimwambia asiuze shamba. Apokeaye fedha leo kwa pafu la kuchapwa auza asichokuwa nacho, na biashara hiyo ni batili. Amwendee daktari wa kifua, amwulize juu ya oksijeni ya nyumbani na mazoezi ya kupumua. Nanyi majirani mlio na mgonjwa kama huyu, yaondoeni majiko ya kuni karibu na dirisha lake.