Kiini na Kichakataji: Istilahi za Kiswahili Katika Mizani ya Kazi



Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, hoja kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi imepungua nguvu. Iliyobaki ni nzito zaidi: je, maneno hayo yanaweza kushirikiana kueleza kazi moja ya kitaalamu tangu mwanzo hadi mwisho? Orodha ya istilahi haijibu swali hilo, kwani neno huweza kupendeza katika orodha na kukwama katika sentensi. Nimechagua kazi moja ngumu iwe mizani yetu: kukiwezesha kiini cha mfumo endeshi kufanya kazi katika kichakataji kipya, cha aina ile inayopachikwa ndani ya mita au mashine ya kufulia.

Kazi yenyewe

Kiini ni sehemu ya mfumo endeshi inayogawa kumbukumbu, kupanga zamu za programu na kuwasiliana na vifaa. Kila ukoo wa vichakataji una maagizo yake, na maagizo ya ukoo mmoja hayaeleweki kwa mwingine. Linux, kiini alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, kilifungamana na kichakataji cha Intel 80386. Kufikia mwaka 1995, toleo la 1.2 lilikuwa limekipokea pia kichakataji cha Alpha. Katika mkondo huo, msimbo unaotumiwa na koo zote ulitengwa na ule unaohusu ukoo mmoja tu.

Fundi anayekabili kichakataji kipya huhitaji kwanza programu ya kutafsiri msimbo kuwa maagizo ya kichakataji hicho. Kisha huandika msimbo wa kuamshia kiini, ambao hutayarisha kumbukumbu, huunda jedwali la kuoanisha anwani za programu na mahali halisi, na hatimaye hukabidhi usukani kwa msimbo wa pamoja. Hatua hii hufanyika gizani. Skrini haijawaka, na kosa halina pa kujionyesha. Ndiyo maana fundi hufanya haraka kupata waya wa kupitishia herufi mojamoja, ili kiini kiweze kusema kimefika wapi. Hufuata ukatizaji, saa, na ubadilishanaji wa zamu, yaani kuhifadhi hali ya programu inayotoka na kurejesha ya ile inayoingia. Mwishowe vifaa vya bodi huelezwa katika faili la pekee, mti wa vifaa, ili kiini kisiandikwe upya kwa kila bodi.

Maneno katika mizani

Maelezo hayo yanatufunza nini? Kwanza, maneno mengine tunayo tayari. Zamu ya walinzi na zamu ya programu ni dhana moja: nafasi ni moja, wanaoipokea ni wengi, na anayetoka hukabidhi.

Pili, mnyambuliko hutupa jamii nzima ya maneno kutoka mzizi mmoja. Anayekatiza mazungumzo huyasimamisha kwa muda, kisha yakaendelea. Ndivyo kifaa kinavyofanya kinapoomba kusikilizwa na kichakataji. Basi ukatizaji uwe tendo, kikatizo iwe ishara, na kikatizi kiwe kifaa kinachoituma. Aliyechagua “usumbufu” kwa sababu tu ya kufasiri neno la kigeni hapati utatu huo, tena huingiza lawama pasipo kosa.

Tatu, na hapa ndipo mizani inapoelemea upande mmoja, lipo neno “kuhamisha”, linalotujia upesi kwa kazi nzima hii. Nyumba iliyohamwa hubaki tupu. Linux hakikuiacha Intel kilipofika Alpha. Mwanafunzi anayeambiwa kiini “kimehamishwa” hufundishwa jambo lisilo kweli kwa neno moja tu. Napendekeza “kueneza”, kwa kuwa kinachoenea hufika kwingine bila kutoka kilipokuwa. Upungufu huu usingeonekana katika orodha. Umeonekana tulipolazimika kusimulia kazi.

Hitimisho

RISC-V, muundo wa maagizo ulioanza kubuniwa mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliingia katika Linux toleo la 4.15, Januari 2018. Miezi michache baadaye, katika toleo la 4.17, koo nane za vichakataji ziliondolewa kwa kukosa watumiaji na walezi. Misimbo yao ilikuwa imeandikwa na kukubaliwa, kukubaliwa hakukutosha.

Istilahi nazo hazisalimiki kwa kusanifishwa tu. Hudumu zikifundishiwa, zikibishaniwa na zikirekebishwa na wanaozitumia kila siku. Kwa hiyo naomba idara zetu za Kiswahili na za kompyuta zikae meza moja, na kila pendekezo la istilahi liambatane na maelezo kamili ya kazi moja ambamo neno hilo limetumika. Neno litakalokwama litafutiwe jingine kabla halijachapishwa, si baada ya kizazi cha wanafunzi kulikariri bila kulielewa.