Kuokoa Nafsi ni Faradhi: Huduma ya Kwanza Ifundishwe Mashuleni



Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyetujaalia kuishi kando ya ziwa pana lenye riziki nyingi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad: nakuusieni, na kwanza naiusia nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Maudhui yetu ya leo ni swali ambalo huenda wengine wakaliona kuwa la waalimu na waganga peke yao. Je, watoto wetu wafundishwe huduma ya kwanza mashuleni? Jawabu langu ni kwamba wafundishwe; na kwa watu wa Mwanza, Ukerewe, Sengerema, Musoma na Bukoba, jambo hili limo ndani ya faradhi za dini yetu. Sikilizeni hoja yake.

Mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi, Izzuddin bin Abdissalaam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, alieleza kuwa kumwokoa anayezama kunatangulizwa mbele ya kuitekeleza Swala. Na aliyefunga Ramadhani, akimwona mtu anazama wala hawezi kumwokoa ila kwa kufungua, basi atafungua na kumwokoa. Tafakarini, ndugu zangu. Swala ni nguzo ya dini, na saumu ya Ramadhani ni nguzo. Hata hivyo Sheria imeziahirisha zote mbili kwa ajili ya roho ya mtu mmoja aliyemo majini. Sababu ni kuwa Swala hulipwa na saumu hulipwa, lakini roho ikishatoka hailipwi.

Sasa nakuulizeni: mtu akate Swala yake, akimbilie ufukweni, amvute mwenziwe mpaka mchangani, kisha asimame juu yake asijue la kufanya, je, wajibu umetimia? Mkono usio na ujuzi hauokoi. Na lile ambalo wajibu hautimii ila kwalo, lenyewe pia huwa ni wajibu. Imamu Ghazali katika kitabu chake cha Ihya ameihesabu elimu ya tiba kuwa ni faradhi kifaya: wakiwapo wa kutosha wenye kuijua, dhima huwaondokea waliobaki, asipopatikana hata mmoja, mji mzima unapata dhambi. Basi kila kijiji cha pwani ya ziwa hili kijiulize: kwetu wako wangapi?

Ziwa letu ni kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, na hutupa samaki, dagaa na njia ya kusafiria. Lakini pia limetuliza. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikielekea Mwanza, na mamia ya watu wakapotea. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu 228 wakafa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege yenye watu 43 ilianguka majini karibu na uwanja wa Bukoba. 19 walikufa, na 24 wakaokoka. Siku hiyo waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Ndivyo ilivyo mara nyingi: anayefika mwanzo ni jirani, mvuvi, mama anayefua nguo, au mtoto anayeteka maji.

Na misiba mingi haina jina wala tarehe inayokumbukwa. Ni mtumbwi mmoja wa dagaa uliopigwa na dhoruba usiku, au mtoto mmoja aliyeteleza kwenye mwamba. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji ulimwenguni. Na miongoni mwa tiba lilizozipendekeza ni kuwafundisha watoto wa shule kuogelea na usalama wa majini, na kuwafundisha watu wa kawaida uokoaji ulio salama na namna ya kumrudishia mtu pumzi.

Huenda msikilizaji akasema: Bugando tunayo, hospitali kubwa iliyo juu ya kilima. Ni kweli, na tunamshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini mtu aliyekosa hewa, ubongo wake huanza kuharibika kwa dakika chache tu, nne au sita. Na kutoka Ukara au Kome mpaka Bugando ni safari ya saa nyingi. Dakika hizo haziko mikononi mwa daktari. Ziko mikononi mwa yule aliyesimama ufukweni.

Na analotakiwa kulijua si kubwa. Kwanza, asijitupe majini bila ya akili, yakawa maiti mawili. Amrushie anayezama kamba, dumu tupu lililofungwa kizibo, au amnyooshee kasia. Pili, akishatolewa, aitwe msaidizi, na atazamwe kama anapumua. Akiwa hapumui, alazwe chali, kichwa kiinuliwe kidogo nyuma, pua ibanwe, apulizwe pumzi tano mdomoni. Asipozinduka, kifua kibonyezwe katikati kwa nguvu, kiasi cha sentimita tano kwa mtu mzima, mara thelathini kwa mwendo wa haraka, kisha pumzi mbili, na hivyo hivyo bila ya kuchoka mpaka msaada ufike. Akiwa anapumua lakini hana fahamu, alazwe ubavu ili matapishi yasimzibe. Wako wanaodhani kuwa aliyezama hupinduliwa miguu juu, au hukamuliwa tumbo maji yatoke. Hilo humpotezea dakika zake, na huweza kumrudishia matapishi mapafuni. Vivyo hivyo aliyeungua hapakwi dawa ya meno wala mafuta. Humwagiwa maji safi ya baridi kwa muda wa dakika ishirini. Haya yote mwanafunzi wa miaka kumi na miwili anaweza kuyashika.

Ziko hoja zinazopinga, nasi tuzijibu kwa insafu.

Wa kwanza husema: siku zake zimefika, na aliyekufa maji ni shahidi. Ni kweli kwamba Mtume (S.A.W.) amemhesabu aliyezama miongoni mwa mashahidi. Lakini bishara hiyo ni liwazo kwa waliofiwa, haikuwa kamwe udhuru wa aliyesimama akitazama. Ajali ya mja anaijua Mola wake. Sisi tutaulizwa juu ya juhudi yetu.

Wa pili husema: masomo mashuleni ni mengi, na waalimu wamelemewa. Hoja hii ina uzito, wala hatuidharau. Lakini mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono pendekezo la kuwafundisha watoto kuanzia miaka kumi na miwili kuhuisha moyo kwa saa mbili tu kila mwaka. Saa mbili katika mwaka mzima! Huko Denmark mafunzo haya yalifanywa ya lazima mashuleni mwaka 2005, na yakaenezwa pia kwa watu wazima. Baina ya mwaka 2001 na 2010, walioangukiwa na moyo mbali na hospitali, wakasaidiwa na watu waliokuwa karibu, waliongezeka kutoka 21 hadi 45 katika kila mia. Na waliokuwa hai baada ya siku thelathini wakaongezeka kutoka 3 au 4 hadi karibu 11.

Wa tatu huona haya: je, mwanamume amguse mwanamke asiye maharimu wake? Wanachuoni wetu wameeleza kuwa dharura hulegeza makatazo kwa kadiri yake. Kuiacha nafsi ife kwa kuona haya si stara. Tena yakumbukeni ya wakati wa Mtume (S.A.W.): Bibi Rufaida, mwanamke wa Aslam, alikuwa akiwauguza majeruhi hemani, na Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandak, Mtume aliamuru awekwe katika hema ndani ya msikiti. Kwa hiyo wasichana wetu wafundishwe sawa na wavulana.

Tufanye nini basi, ndugu zangu? Wazazi, nendeni kwenye kamati za shule mkalidai somo hili kwa adabu na kwa msimamo. Waalimu, Chama cha Msalaba Mwekundu kiko nchini kwa sheria tangu mwaka 1962, na wauguzi wamo vijijini, waalikeni. Nasi wa misikitini tusiwangojee wengine: madrasa zetu hukutana kila wiki, basi pasikose siku moja katika muhula ambapo mikeka itatandikwa na watoto wafanye mazoezi mbele ya mjuzi. Anayejua amfundishe mwenziwe, mpaka faradhi hii ituondokee.

Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 32, Mwenyezi Mungu ametujulisha kuwa anayeihuisha nafsi moja thawabu yake ni kama ya aliyewahuisha watu wote. Mlango huo uko wazi kwa mvuvi na kwa mtoto wa darasa la sita.

Ewe Mola wetu, wahifadhi wavuvi na wasafiri wa ziwa hili. Warehemu waliozama, uwape subira waliofiwa. Itie elimu katika vifua vya watoto wetu, na nguvu katika mikono yao. Nasema haya, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwangu na kwenu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.