Mwenzako Kazini Mwenye Usonji

 Msikilizaji, huenda hotelini unakofanya kazi, iwe Diani, Ukunda au kule Msambweni, yuko mtu asiyekutazama machoni akikuamkua, lakini mashuka akiyakunja yeye hakuna pembe inayopishana. Wengine humwita mwenye maringo. Wengine, na hili linaniuma, husema ana pepo.

Huenda ana usonji, na usonji si pepo, wala hauambukizi. Mtu huzaliwa nao. Ubongo wake hupokea sauti, mwanga na maneno kwa namna yake. Jikoni wakati wa chakula cha mchana, sufuria zikigongana, redio ikilia, watu watano wakiita kwa pamoja, kwake hayo yaweza kuwa maumivu hasa. Akitoka nje kidogo, mwache apumue; hajakimbia kazi.

Mwagize waziwazi. Kumwambia "Hebu panga panga pale" hakumsaidii. Sema, "Taulo kumi, chumba cha tatu, kabla ya saa nne." Zamu ikibadilika, mjulishe mapema.

Nawe msimamizi, Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 27, inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu. Mfanyakazi huyu akiomba mahali patulivu pa kulia chakula chake, mtafutie leo.