Mawingu Yaliyo Mbali

Leo twende pamoja safari ya mbali, mpaka nchi kavu ya makorongo huko Marekani, katika majimbo ya Utah na Arizona. Watu wengi huizunguka nchi hiyo kwa gari, wamepakia mahema na mablanketi, wakilala nyikani siku kadhaa. Hupita Zion, hupita Bryce, kisha hufika Grand Canyon, korongo lenye urefu wa kilomita 446. Makorongo hayo yalichimbwa na maji. Lakini mgeni akitazama, mara nyingi haoni maji. Huona mawe mekundu, mchanga na jua kali.

Msafiri mwenye busara hujitayarisha. Hubeba maji ya kunywa, karibu lita nne kwa kila mtu kwa siku. Hujaza petroli mapema. Jioni hutafuta mahali pa kusimamisha hema, na hapo ndipo penye jaribu. Ukingoni ni mawe na miiba. Chini, katika mkondo mkavu, mchanga ni laini kama godoro, wala upepo haufiki. Lakini ni nani aliyeutandika mchanga ule? Ni mafuriko. Alalaye hapo amelala katika njia ya maji.

Tarehe 12 Agosti 1997, watalii waliteremka katika Antelope Canyon, korongo jembamba lililo katika ardhi ya watu wa Navajo, Arizona. Pale walipokuwa mvua ilikuwa haba. Lakini kilomita nyingi kutoka hapo, upande wa juu, dhoruba ilikuwa imenyesha. Nchi ya mawe hainywi maji upesi. Mvua hukimbia juu ya mwamba, mikondo hukutana, na yote huingia katika mlango mmoja mwembamba. Maji yakawajia kwa ghafula, na watu 11 wakafa.

Je, tuwacheke? La, hasha! Mtu aliye chini ya korongo huona kipande kidogo tu cha mbingu. Baada ya msiba huo ngazi za chuma zilifungwa mwambani, na sasa mgeni haingii ila pamoja na kiongozi. Huko Zion nako walinzi wa mbuga hutangaza kila siku kiasi cha hatari ya mafuriko, na mgeni mwenye akili huwauliza kwanza kabla ya kuteremka.

Ndugu zetu wa Turkana na Marsabit wanayajua haya. Laga iliyokuwa kavu asubuhi yaweza kujaa jioni, hali jua linawaka, kwa sababu ya mvua ya milimani. Dereva mzoefu husimama ukingoni akangoja, hata abiria wakinung'unika. Anajua kwamba maji yaendayo kasi, ya kina cha sentimita 30 tu, yaweza kuchukua gari dogo.

Wapenzi, Bwana Yesu alipotoa mfano wa wajenzi wawili, alisema na watu waliojua mabonde makavu ya namna hiyo. Siku ya jua nyumba zote mbili zilisimama. Mchanga ulijulikana kuwa mchanga siku mafuriko yalipokuja.

Basi, kijana huambiwa na mama yake, "Mwanangu, achana na kundi lile." Hujibu, "Mama, mbona hakuna neno?" Anasema kweli kwa kadiri ya macho yake. Anatazama mbingu iliyo juu ya kichwa chake tu. Mama amesimama ukingoni, naye ameona mawingu yanakokusanyika. Baba wa nyumba akopa leo, akopa tena kesho, na kila mkopo ni laini kama mchanga ule. Rafiki amwonyapo, humwona ana wivu. Wakati wa kuhamisha hema ni wakati mkondo ungali mkavu.

Na wewe uliye ukingoni, mzazi, mzee wa kanisa, jirani, ukiyaona mawingu usinyamaze kwa kuogopa kuchukiwa. Aliye chini hawezi kuyaona. Ita mapema, ita kwa upendo, na ukiitwa wewe, panda juu.

Mungu atupe masikio ya kusikia kungali na jua. Kwaherini.