Zawadi ya kambale kwa shangazi

Leo naanza kwa kukiri kosa.

Shangazi yangu anaishi Kilosa, na nyuma ya nyumba yake ana bwawa la saruji, urefu hatua kumi na mbili, upana hatua sita. Alilijenga kwa mafao ya marehemu mumewe aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Humo alifuga perege, tena si kwa kujifurahisha. Perege wale ndio waliokuwa sare, madaftari na nauli ya mjukuu wake anayesoma sekondari.

Siku moja nikitoka Iringa niliteremka Mikumi kumsalimu rafiki yangu mfugaji. Wakati wa kuagana akanipa ndoo yenye kambale sita walio hai, kila mmoja urefu wa mkono wangu kutoka vidoleni hadi kiwikoni. Nikapanda nao basi la Kilosa kwa njia ya Ulaya (Ulaya yetu hii ya Kilosa, msikilizaji, isiyohitaji viza), maji yakinimwagikia viatuni njia nzima.

Shangazi alichungulia ndoo akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Baba, hawa hawatawadhuru watoto wangu?"

Nikamjibu kwa uhakika wa mtu aliyezoea kipaza sauti: "Shangazi, samaki ni samaki."

Baada ya miezi miwili akanipigia simu. "Baba, wale wageni wako wameshiba." Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka mdomoni. Tulipopunguza maji ya bwawa, kati ya perege zaidi ya mia mbili tulihesabu thelathini na mmoja tu, wote wakubwa. Kambale walikuwa sita walewale, wamenona, sharubu zinacheza.

Hapo ndipo nilipomtafuta bwana samaki, jambo ambalo mwenye akili angelifanya kabla ya kubeba ndoo. Hakunisuta, ila aliniuliza swali moja: "Ulipima mdomo?"

Nilidhani anatania. Kumbe samaki wanaowekwa pamoja huchaguliwa kwa mdomo kwanza. Kambale hana haja ya kutafuna, humeza. Chochote kinachopita katika kinywa chake kile kipana ni chakula, hata kama wamelala bwawa moja mwezi mzima bila ugomvi. Wale thelathini na mmoja hawakupona kwa ushujaa. Perege mwenye upana wa kiganja, na miiba yake ya mgongoni, hamezeki kwa urahisi. Ndugu zao wenye ukubwa wa kidole hawakuwa na kinga hiyo. Tena kambale hutembea usiku, kwa hiyo shangazi alikuwa akimwaga pumba asubuhi, maji yametulia, yeye akidhani watoto wamejificha chini.

Lililonishangaza ni kwamba bwana samaki hakutuambia tuwatoe kambale tusiwarudie tena. Alisema kosa letu lilikuwa la ukubwa na la wakati. Perege ana tatizo lake: huanza kuzaa angali mdogo, akiwa na miezi michache tu. Mama hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, halafu anaachia kundi zima la watoto. Muda si mrefu bwawa linajaa vitoto, vinagombania pumba, na hakuna hata mmoja anayefikia ukubwa wa kuuzika. Hapo kambale anafaa sana, maana huwapunguza wale watoto. Lakini sharti perege watangulie, wakue hadi upana wa kiganja, ndipo waletwe vifaranga wa kambale wenye ukubwa wa kidole, tena wachache, wanaolingana wao kwa wao. Kambale akimzidi mwenzake sana kwa kimo, humla huyo pia.

Nawajua wasikilizaji wa mjini wenye matangi ya kioo sebuleni, wanaonunua samaki kwa kufuata rangi. Nanyi yanawahusu. Samaki unayemwona dukani ni mtoto. Kambale huweza kupita urefu wa mita moja. Ulizeni atakuwa na kimo gani akikomaa, na jirani yake atakuwa na kimo gani siku hiyo. Hata perege si mpole kama anavyoonekana: dume huchimba shimo lake chini na kumfukuza kila anayesogea. Bwawani mnyonge ana pa kukimbilia, lakini kwenye kioo hana.

Aliyefika bwawa la viboko katika Hifadhi ya Mikumi ameona viboko na mamba maji mamoja. Mmoja hutoka usiku kwenda kula majani, mwingine hula nyama. Hawagombei sahani. Hata hivyo, mama kiboko hamwamini mamba karibu na mtoto wake, na mimi sasa namwelewa.

Turudi kwa shangazi. Kwa aibu yangu nilitaka kumlipa kwa vifaranga wa sato, samaki wa Ziwa Victoria anayesifiwa kwa kukua haraka. Bwana samaki akauliza swali la pili: "Kutoka bwawa hili hadi Mkondoa ni hatua ngapi?"

Wana Kilosa hawahitaji kufafanuliwa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mkondoa ulivunja kingo, ukazoa nyumba na kung'oa Reli ya Kati. Maji ya namna ile yakija, bwawa la shangazi na mto vinakuwa kitu kimoja, na Mkondoa unamwaga Wami. Huko yuko perege wa asili, wa maji ya Wami na Rufiji. Sato hammezi huyo. Anazaa naye. Watafiti wamekwisha kuwakuta machotara wa sato na perege wa asili katika maji ya nchi yetu, na kizazi kikichanganyika hakuna wa kukichambua tena. Tuliyaona ya sangara, aliyeingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka.

Shangazi akasema anataka perege wa kwao. Tukawatafuta, nikalipa mimi. Walipofikia kiganja, nikaenda tena na ndoo, safari hii vifaranga ishirini wa kambale. Hakunikaribisha ndani. Aliichukua ndoo mlangoni, akapandisha mkono wa kanga, akamtoa kambale mmoja mmoja na kumlaza juu ya kidole chake cha shahada. Wanne aliwarudisha kwenye ndoo.

"Hawa nenda nao Dar es Salaam," akasema. "Ingia ule."