Fundo Halikufika



Kama umewahi kupita soko la nafaka la Tandale kabla jua halijakolea, unazijua sauti za pale. Magunia yanashushwa kutoka kwenye lori, mtu anahesabu kwa sauti, mwingine anapiga mluzi, na katikati ya zogo hilo unasikia, "Oya, nipishe! Angalia mguu!" Huyo ni msukuma mkokoteni. Tunamwita msukuma, ingawa muda mwingi anavuta.

Wiki iliyopita nilikuwa pale nikisubiri kupimiwa mchele. Kijana mmoja akatoka na magunia sita. Kipande kile cha barabara ni cha lami, tambarare, hakina shimo. Lakini yule kijana hakuwa anatembea katikati ya mishikio yake. Alikuwa amejibana kushoto, nyonga imeegemea bomba, na mkono wa kulia unavuta bomba la pili kuelekea kwake, kama mtu anayemzuia mbuzi asiingie shambani kwa jirani. Mkokoteni ulikuwa unakwenda mbele, ndiyo, ila unakwenda upogo, kama kaa.

Nikamuuliza, "Kaka, vipi, barabara inakuvuta?"

Akacheka. "Siyo barabara, mzee. Huu umezaliwa hivi."

Umezaliwa hivi. Neno hilo ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti leo.

Mkokoteni, msikilizaji, hauzaliwi. Unatengenezwa. Kiwanda chake hakina geti wala king'ora. Ni fundi wa kuchomelea, kivuli cha mwembe, mabomba, na ekseli iliyotolewa kwenye gari dogo lililokwisha kazi. Fremu inaungwa chini, ekseli inawekwa juu yake, fundi anafumba jicho moja, anasema, "Hapo hapo!" na moto unawaka. Kama jicho lilikosea, mchomo unalishika kosa lile na kulifunga. Kuanzia siku hiyo mkokoteni una maoni yake kuhusu njia.

Wala si tatizo la Tandale peke yake. Kule Marekani, tangu miaka ya 1930, watu wamekuwa wakijiundia nyumbani tela ndogo za kulala safarini, na ugonjwa ni huu huu: ekseli imekaa upande, tairi linalika upande mmoja. Tofauti ni kwamba tela ya kule inavutwa na injini, na injini haina nyonga. Mwenye tela anagundua siku anapoinama kutazama tairi. Msukuma mkokoteni anagundua usiku, anapotafuta ubavu wa kulalia. Wenzetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, wana chukudu yao ya mbao; magurudumu yake mawili yanafuatana kama ya baiskeli, kwa hiyo hakuna ekseli ndefu ya kukaa mshazari. Sisi tumechagua magurudumu yanayokaa ubavu kwa ubavu. Basi tukubali na kazi yake.

Nilimwambia yule kijana, ukishashusha mzigo, twende kwa fundi mmoja upande wa kwa Mtogole. Akasita. "Bosi atasema nimemharibia." Akampigia simu. Nilisikia jibu, maana spika ya simu ile ilikuwa kubwa kuliko simu yenyewe. Bosi aliuliza swali moja tu: "Si unatembea?"

Tukaenda.

Fundi hakukimbilia grenda. Kwanza alibonyeza matairi, yote mawili, kuona kama upepo uko sawa. Kisha akaegemeza mkokoteni kwenye tofali, akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Lingecheza, angeanza na beringi, kwa sababu ukipima ekseli yenye beringi zilizokufa unapima uongo. Halikucheza.

Ndipo akatoa kamba. Kamba ngumu, isiyovutika. Akapima bomba la mbele, lile linalounganisha mishikio, akapata katikati yake kabisa, akafunga kamba hapo. Akaivuta hadi kwenye kichwa cha ekseli upande wa kushoto, akapiga fundo pale inapogusa. Kisha akaihamisha kamba ile ile hadi upande wa kulia.

Fundo halikufika. Lilibaki nyuma vidole vitatu, sentimita 5 hivi.

Hakuna aliyesema kitu. Yule kijana alilitazama lile fundo kwa muda, halafu akashika nyonga yake ya kushoto.

Hesabu yake ni nyepesi, msikilizaji, unaweza kuifanya huku unakunywa chai. Kutoka tairi hadi tairi ulikuwa upana wa mita 1 na sentimita 20. Kichwa cha kulia kimebaki nyuma sentimita 5. Maana yake, ukiuelekeza mkokoteni huo mbele moja kwa moja na kuuacha uende utakako, kila kilomita moja utakuwa umetoka nje ya mstari mita 40 na ushei. Hauendi huko kwa sababu kuna mtu anauzuia. Mita 40 hizo, kila kilomita, zinalipwa na nyonga.

Fundi akaendelea, kwa sababu kuna ugonjwa wa pili unaofanana na wa kwanza. Ekseli inaweza kuwa imekaa sawa lakini yenyewe imepinda, matairi yakawa yanatazamana kama watu wanaosengenya. Akachora alama ya chaki katikati ya kila tairi, kwa mbele, usawa wa ekseli, akapima kutoka alama hadi alama. Akazungusha matairi nusu mzunguko, alama zile zile zikaja nyuma, akapima tena. Lazima ziwe alama zile zile, la sivyo rimu iliyopinda itakudanganya. Vipimo vikawa sawa. Vingepishana sentimita 1 tu, kwa matairi ya kipenyo cha sentimita 60, basi matairi yale yangekuwa yanaburuzana kando jumla ya mita 16 na ushei kwa kila kilomita. Hapo mpira unasagika kama nazi kwenye mbuzi, na dawa yake si kuhamisha ekseli, ni kuinyoosha au kuibadilisha.

Ya kwetu ilikuwa nzima. Ilikuwa imefungwa vibaya tu.

Akakata michomo, akaigonga ekseli isogee mbele upande wa kulia, akarudisha kamba. Akagonga tena kidogo. Kamba. Fundo likakaa. Hapo akaishikiza kwa vichomo vidogo, kimoja kulia, kimoja kushoto, akapima upya. Halafu ndipo akachomelea sawasawa, tena kwa zamu: huku kidogo, kule kidogo. Nikamuuliza kwa nini hamalizi upande mmoja kwanza. Akanijibu, "Chuma kikipoa kinasinyaa. Ukimaliza huku kwanza, kitakuvutia ekseli, urudi ulikotoka." Na hakumwagia maji. Aliacha kipoe chenyewe, tukakaa kwenye benchi tunasubiri chuma kama watu wanaosubiri chai ipoe.

Kazi yote haikufika saa mbili.

Sasa swali langu la leo ni hili. Kama dawa ni kamba na saa mbili, kwa nini mikokoteni mingi inakwenda upogo?

Jibu langu ni kwamba anayeumwa na ekseli siye mwenye ekseli. Vijana wengi wanakodi. Asubuhi unachukua mkokoteni, jioni unapeleka hesabu kwa bosi. Hesabu haiulizi ulivuta kilo ngapi za mzigo na kilo ngapi za kosa la fundi. Kwa bosi, mkokoteni unaotembea ni mzima. Fundi naye alishalipwa zamani. Kosa limebaki kwa mtu mmoja tu ambaye hana ruhusa ya kulikata.

Tunajua kupima, msikilizaji, tunapotaka. Pale pale sokoni, mizani inakaguliwa na Wakala wa Vipimo. Gunia la mazao limewekewa kikomo, lisizidi kilo 100, na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, imepigwa vita miaka mingi, kwa haki kabisa, ili mkulima asiibiwe. Lakini gunia hilo lililopimwa vizuri linapandishwa juu ya chombo ambacho hakuna aliyekipima tangu siku kilipochomelewa. Na jiji hili si geni kwa wabeba mizigo. Kariakoo yenyewe jina lake linatokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza. Tumewapa jina la soko. Kuwapimia ekseli bado.

Siombi sheria mpya. Msukuma mkokoteni ana askari wa kutosha wa kumfukuza. Naomba desturi tatu ndogo. Fundi, usichomelee moja kwa moja kabla fundo halijafika pande zote mbili. Kamba haina gharama, na jicho lako, hata likiwa zuri kiasi gani, halioni vidole vitatu. Bosi, kabla ya kupokea mkokoteni mpya, uvute mwenyewe, mtupu, hatua 50. Kama umekusogeza pembeni, urudishe siku hiyo hiyo. Na siku kijana wako akikwambia unavuta kulia, usimuulize kama unatembea. Na wewe kaka unayekodi, omba kamba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na ekseli iko mvunguni hasa. Inama ukiwa bado unaweza.

Tulipomaliza, fundi alimwambia yule kijana aujaribu. Akaingia katikati ya mishikio, akauvuta hadi kwenye duka la pembeni, akageuka, akarudi. Mkokoteni ulinyooka kama uzi. Yeye ndiye alikuwa bado amejibana kushoto, nyonga imeegemea bomba, anazuia kitu ambacho hakipo tena.

Fundi akamwita. "Kaa katikati, mdogo wangu. Umeshapona."

Akasogea katikati taratibu, kama asiyeamini. Mkokoteni ulinyooshwa kwa saa mbili. Kwake yeye sijui itachukua muda gani.