Nyumba Kabla ya Ramani: Wakazi wa Goba na Ardhi ya Kijani

Katika mitaa ya Goba, kwenye kuta za matofali na kwenye vibao vilivyopigiliwa shinani mwa miembe, kuna maandishi ambayo mgeni huyasoma mara mbili: "Eneo hili haliuzwi. Ogopa matapeli." Hatua chache mbele, kibao kingine kinatangaza viwanja vinauzwa, maji yapo, umeme upo, namba ya dalali hii hapa. Anayetaka kujua wakazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam wana maoni gani kuhusu ujenzi kwenye ardhi iliyokuwa mashamba na vichaka hana haja ya kuanzia manispaa. Maoni yameandikwa ukutani kwa rangi.

Swali hili si geni duniani. Uingereza walitunga sheria mwaka 1938 ya kulinda ukanda wa mashamba na misitu kuuzunguka mji wa London, na hadi leo mambo huko hufuata utaratibu mmoja: kampuni inaleta ombi la kujenga, halmashauri inabandika tangazo, majirani wanaandika barua za kupinga, kikao kinaamua. Mpango upo tayari. Nyumba ndiyo pendekezo. Goba mambo yako kinyume. Nyumba zipo tayari, tena zina watu, mabati na mbwa. Kinachopendekezwa ni mpango. Ndiyo maana mtafiti anayekwenda Goba na maswali ya London hurudi na majibu yasiyoeleweka.

Goba ilikuwa kijiji ndani ya Kinondoni: mihogo, mikorosho, minazi, na vilima vinavyoteremsha maji kuelekea mito kama Mbezi na Tegeta. Leo ni kata ya Manispaa ya Ubungo, iliyomegwa kutoka Kinondoni, na iko katikati ya barabara mbili kuu za mji, ya Morogoro na ya Bagamoyo. Nafasi hiyo ndiyo iliyoiponza. Serikali ilipoamua kupunguza foleni kwa kuweka lami njia za kuunganisha barabara hizo, kutoka Tangi Bovu, kutoka Mbezi Mwisho, kutoka Makongo, zote zilikutana Goba. Mtu akiuliza nani aliipanga Goba, jibu la haki ni lami. Ilipofika, shamba lililokuwa likihesabiwa kwa ekari lilianza kuhesabiwa kwa hatua za miguu.

Kabla ya hapo zilikuwepo ramani. Dar es Salaam imekuwa na mpango mkuu wa mwaka 1949, mwingine wa 1968 na mwingine wa 1979, miwili ya mwisho ikichorwa na kampuni za Kanada. Ramani hizo hazikuwa na uchoyo wa rangi ya kijani. Mabonde ya mito yaliachwa wazi, na mwaka 1979 bonde la Msimbazi liliwekwa katika kundi la ardhi hatarishi isiyofaa kwa makazi. Mwaka uliotangulia, 1978, sensa ilihesabu watu 843,090 katika mkoa mzima. Sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Mpango wa 1979 ulitengenezwa kwa miaka 20, na muda wake ulipokwisha hapakuwa na mwingine uliokamilika wa kuupokea kijiti. Mji haukusubiri.

Hapa inafaa kukumbuka kwamba eneo la wazi halikuwa na sifa njema tangu mwanzo katika mji huu. Mnazi Mmoja, ambako watu hupunga upepo na kufanya mikutano, paliachwa wazi na wakoloni ili kuitenga Kariakoo ya Waafrika na Uhindini. Ukanda wa kijani wa kwanza wa Dar es Salaam ulikuwa uzio wa kutenganisha watu. Mjukuu wa aliyewekwa upande wa pili wa uzio huo asipoipenda rangi ya kijani kwenye ramani ya serikali, hana kosa.

Tena neno lenyewe, ukanda wa kijani, si la mtaani. Goba watu husema shamba, pori, kichaka na bonde, na kila neno limebeba maoni yake. Shamba lina mwenyewe, hata kama halijalimwa miaka kumi. Mwembe uliopandwa na babu ni ushahidi unaosimama vizuri kuliko karatasi. Pori halina mtu, kwa hiyo linamngoja mtu. Kichaka ni jambo la usalama: mama anayerudi usiku kutoka kituo cha daladala haoni uoto wa asili pale, anaona maficho ya vibaka, na kikifyekwa kikajengwa fremu za maduka zenye taa atashukuru. Bonde ni mchanga wa kuuza wakati wa kiangazi na maji ya kutisha wakati wa masika. Mtaalamu akisimama mbele ya watu hawa na kusema "tuhifadhi kijani", kila mmoja amesikia kitu tofauti.

Sauti ya kwanza ya kusikilizwa ni ya wenyeji, familia zilizokuwa na mashamba kabla ya lami. Kwa mbali wanaonekana kama watu waliouza urithi wao kwa tamaa. Ukikaa nao, hesabu inakuwa nyingine. Kwa muda mrefu sheria ya fidia ilitambua mazao na majengo tu. Mkorosho ulikuwa na bei, ardhi iliyoushika mkorosho haikuwa nayo. Ni mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, ilipotamka kwamba haki ya ardhi ya kimila nayo ni mali inayolindwa na Katiba na haichukuliwi bila fidia ya haki. Sheria ya Ardhi ya 1999 ikafuata na kuitambua thamani ya ardhi yenyewe. Lakini tabia ya watu ilikuwa imeshajengwa na miaka ya nyuma: ukisikia wapimaji wanakuja, uza kabla hawajafika. Kupanga, kwa masikio ya mkulima wa pembezoni, kulimaanisha kunyang'anywa.

Mradi wa viwanja 20,000 uliozinduliwa na Wizara ya Ardhi mwanzoni mwa miaka ya 2000 haukuifuta hofu hiyo. Mashamba ya Bunju, Boko, Mbweni na Mivumoni upande wa Kinondoni, Buyuni na Mwanagati upande wa Ilala, na Tuangoma, Kisota na Mtoni Kijichi upande wa Temeke yalitwaliwa, yakapimwa, yakauzwa kama viwanja. Kazi ya upimaji ilikuwa nzuri. Barabara zake zinapitika na mipaka yake inajulikana. Ila mwenye shamba alilipwa fidia kwa ekari na kutazama ardhi ileile ikiuzwa kwa mita za mraba kwa mtu mwingine. Habari za namna hiyo husafiri haraka kuliko gazeti la serikali, na Goba ni jirani.

Kigamboni iliongeza somo. Mwaka 2008 serikali ilitangaza mpango wa mji mpya na kuzuia uendelezaji katika eneo hilo, lililokuwa Temeke wakati huo. Miaka ikapita. Watu hawakuhamishwa, hawakulipwa, wala hawakuruhusiwa kuongeza chumba. Mpango ulipunguzwa na baadaye kuachwa. Mwenye nyumba yenye ufa alikuwa ameishi na ufa wake muda wote huo kwa heshima ya mchoro.

Basi ni nani aliyeachwa aitetee ardhi ya kijani? Ajabu ni kwamba watetezi wenye sauti kubwa ni wale walioijenga. Mtumishi aliyenunua nusu ekari miaka ya 2000, akavumilia tope na maji ya kununua kwa dumu, leo ana bustani, upepo na kilima cha kutazama. Wakati ule wenyeji walimpokea kwa moyo wa mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli walipona: nguzo za umeme zilimfuata yeye. Sasa jirani yake anakata kiwanja vipande vinne na kujenga vyumba vya kupangisha, na ndiye anayelalamika kwamba Goba inaharibiwa. Malalamiko yake yana ukweli, kwa sababu makaro ya choo yanasongamana na maji ya mvua hayana pa kupita. Lakini mpangaji wa kile chumba, anayepanda daladala saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini, angeshangaa kuambiwa kwamba yeye ndiye aliyeondoa uoto na wala si nyumba ya ghorofa iliyomtangulia.

Wilbard Kombe na Volker Kreibich walieleza mwaka 2000, katika kitabu chao kuhusu usimamizi wa ardhi usio rasmi Tanzania, jinsi ununuzi wa aina hii unavyoendeshwa na kanuni za kijamii. Muuzaji na mnunuzi wanakutana mbele ya majirani na kiongozi wa mtaa, mipaka inapimwa kwa hatua, miti inapandwa kwenye kona, karatasi inasainiwa. Utaratibu huo una uaminifu wake na umewapatia makazi mamilioni ya watu. Udhaifu wake ni mmoja mkubwa: unamhitaji kila shahidi isipokuwa shule, uwanja wa mpira na makaburi, ambavyo haviwezi kutuma mwakilishi kwenye mauziano. Kiwanja kimoja kinauzwa kwa haki, cha pili kwa haki, cha mia kwa haki, na mwisho wake hakuna pa kumzika mtu. Familia zilizouza mashamba yenye makaburi ya wazee wao sasa hubisha hodi kwenye geti la mwenye nyumba ili kusafisha kaburi la babu.

Isidhaniwe kwamba wakazi wa pembezoni hawajui kutumia ramani. Mwaka 1991 wakazi wa Kunduchi Mtongani, Festo Balegele na wenzake 749, waliipeleka mahakamani Halmashauri ya Jiji iliyohamishia dampo la taka kwao. Hoja yao mojawapo ilikuwa mpango mkuu wenyewe: eneo lile lilitengwa kwa makazi. Mahakama Kuu ikakubaliana nao. Waliolazimika kuikumbusha Halmashauri ramani yake walikuwa wananchi. Na Makongo Juu, jirani kabisa wa Goba, wakazi waliokataa kupangiwa na Wizara walijikusanya miaka ya 1990 na kushughulikia mchoro wa eneo lao wenyewe. Wengi wao walikuwa wasomi wa chuo kikuu, jambo linalopunguza kidogo utamu wa mfano huo. Goba si kila mtaa una profesa.

Nairobi inatajwa sana katika mijadala hii kwa sababu ya Karura, msitu ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwaka 1998 na 1999, hata wakapigwa langoni, baada ya sehemu zake kugawiwa wajenzi wa nyumba. Mfano huo unatia moyo, lakini haukai sawasawa Goba. Karura ulikuwa msitu wa umma uliotangazwa kisheria, na wezi wake walijulikana. Kinachofanana nao hapa ni Pande, pori la akiba lenye hekta zaidi ya 1,200 upande wa magharibi, ambalo mpaka wake unajulikana. Kijani cha Goba kwenyewe kilikuwa cha mtu na mtu, na kila aliyekiuza alikuwa na ada ya shule ya kulipa.

Tangu miaka ya 2010, jibu la serikali limekuwa urasimishaji: kuyapima makazi yaliyokwisha kujengwa, kuyachorea njia na kuwapa watu hati. Wakazi wanachangia gharama, na aliyekuwa Waziri wa Ardhi, William Lukuvi, aliuwekea mchango huo ukomo wa shilingi 150,000 kwa kiwanja baada ya malalamiko mengi dhidi ya kampuni zilizochukua fedha na kuchelewesha kazi. Kwenye mikutano ya urasimishaji ndipo maoni ya wakazi yanapopata umbo. Watu wanaokubaliana kwa sauti moja kwamba barabara iwe na mita sita hutofautiana mara tu mpimaji anapouliza mita hizo zitoke kwenye ukuta wa nani. Anayeridhia kusogeza uzio ametoa maoni. Anayejenga choo usiku kwenye mstari wa barabara naye ametoa maoni, tena kwa saruji.

Kijani kilichobaki Goba kipo mabondeni, na huko hakuna muda wa kupoteza. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 mjini, na walionusurika walipewa viwanja Mabwepande, maana yake kosa la bonde la Msimbazi lililipwa kwa pori la kaskazini. Mwaka 2015 ukiisha, alama nyekundu za X zilitapakaa Msimbazi na nyumba zikabomolewa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kulirudisha bonde hilo katika hali ambayo ramani ya 1979 ilikuwa imeipendekeza bure.

Makorongo ya Goba hayajafikia hapo. Kila masika yanakula kingo hatua moja au mbili, yakisaidiwa na malori ya mchanga, na wenye viwanja vya ukingoni wanajibu kwa viroba vya mchanga, matairi ya zamani, migomba na mianzi. Hakuna aliyewaagiza, na kiroba cha mmoja mara nyingi humsukumia maji jirani wa chini. Hata hivyo watu hawa wanajua kwa sentimita maji yalifika wapi mwaka jana na mwaka juzi, kumbukumbu ambayo haimo kwenye faili lolote la mpimaji. Mchoro wa urasimishaji ukifika kwenye mitaa ya mabondeni, kikao cha kwanza kingefaa kifanyike huko chini, kwenye alama ya maji, kabla mtu yeyote hajafungua ramani mezani.